Kambi ya vijana ya kuishi kama askari wa Kirumi: je, kuna elimu ndani yake?

Mama Idrisa (Newcastle)

Assalaam alaikum, na habari za wakati huu ndugu zangu wa jukwaa. Ninaishi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, pamoja na mume wangu na watoto wetu, na ninaomba maoni ya wenye ujuzi kuhusu jambo ambalo limezua mjadala mrefu nyumbani. Mtoto wetu wa kiume, mwenye umri wa miaka 13, amekuja na karatasi kutoka shuleni inayomwalika katika kambi ya wiki moja wakati wa likizo ya kiangazi, ambako vijana wataishi kama askari wa Kirumi waliolinda Ukuta wa Hadrian, yaani ule ukuta wa kale wa Warumi unaopita huku kaskazini mwa Uingereza. Karatasi inaeleza kwamba watalala katika mahema ya ngozi kwa makundi ya watu wanane wanane, watasaga ngano kwa mkono na kujipikia wenyewe, watafundishwa kwata kwa amri za Kilatini, watashika lindo usiku kwa zamu, na siku ya mwisho watatembea kando ya ukuta huo wakiwa na mizigo mabegani.

Baba yake anasema haoni sababu ya kulipa fedha ili mtoto akafokewe na mtu mzima aliyejivika deraya, ilhali habari za Warumi zimo vitabuni na watoto wa huku wanasomeshwa tangu shule ya msingi. Mtoto mwenyewe anaililia kambi hiyo usiku na mchana, yeye ambaye kitanda chake hakitandiki mpaka akumbushwe mara tatu. Mimi bado sijaegemea upande wowote. Ningependa kujua ni kitu gani hasa kijana anajifunza huko ambacho hawezi kukipata darasani, na kama mwili wa mtoto wa umri huo unastahimili. Zaidi ya hayo, sisi ni Waislamu, na nimesoma kwamba askari wale walikula nyama ya nguruwe, walimwapia mfalme wao na kuitolea sadaka miungu yao. Je, mtoto atatakiwa kuyafanya hayo yote?

Mwalimu Shekifu

Wa alaikum salaam, dada Mama Idrisa. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari huku Yorkshire, na nimewahi kufuatana na wanafunzi katika kambi za aina hii, kwa hiyo nitajibu sehemu ya kwanza ya swali lako na wengine watajazia.

Watu wengi, watoto kwa wakubwa, wanadhani askari wa Kirumi alikuwa mtu wa kupigana kutwa kucha. Maandishi waliyoyaacha askari wenyewe yanatuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maisha yao ilikuwa unga, kuni, viatu, lindo na orodha. Kusini kidogo ya ukuta huo, mahali panapoitwa Vindolanda, mwaka 1973 zilianza kufukuliwa mbao nyembamba zilizoandikwa kwa wino takribani miaka 1,900 iliyopita. Mojawapo ni taarifa ya idadi ya askari wa kikosi cha Watungri, watu wa upande wa Ubelgiji ya leo: walioandikishwa walikuwa 752, lakini 456 hawakuwepo kambini kwa sababu walikuwa wametumwa kwingine, na kati ya 296 waliobaki, 15 walikuwa wagonjwa, 6 wamejeruhiwa na 10 wanaumwa macho. Katika mbao nyingine mkuu wa kikosi cha farasi anamwandikia mkubwa wake kwamba vijana wake wameishiwa pombe, na mtu mwingine anapelekewa soksi, viatu vya wazi na nguo za ndani. Kijana akisoma taarifa hiyo darasani atainakili na kuisahau. Kambini, baada ya kuambiwa kila asubuhi ahesabu wenzake, aandike kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha ubao nani anaumwa na nani ametumwa kuteka maji, kisha asimame mbele ya kiongozi na kutamka kwamba kila mtu yuko mahali pake na vifaa vimetimia, ataelewa kwa nini dola lile lilidumu kwa muda ule. Sisi walimu hutumia muhula mzima kueleza urasimu wa Warumi, na watoto husinzia.

Jambo la pili ni hilo kundi la watu wanane. Hicho kilikuwa kikundi kidogo kabisa cha jeshi: wanane walilala hema moja, walitumia jiwe moja la kusagia na nyumbu mmoja wa kubebea mizigo, na vikundi kumi vya namna hiyo, yaani watu 80, ndivyo vilivyokuwa chini ya senturioni mmoja. Mtoto asiyetandika kitanda nyumbani hugundua mapema kwamba uvivu wake unawaangukia wenzake saba, na kwamba mama hayupo wa kuufunika. Nimeona vijana wakibadilika kwa hilo kuliko kwa kufokewa.

Hata hivyo mumeo ana hoja, na wala si ndogo. Senturioni alitembea na fimbo ya mzabibu, na aliitumia. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba katika maasi ya mwaka wa 14 baada ya Kristo, katika jimbo la Pannonia, askari walimuua senturioni aitwaye Lucilius, ambaye walimpa jina la utani la "Lete Nyingine", kwa kuwa kila alipoivunja fimbo mgongoni mwa askari alidai aletewe ya pili. Askari hao hao walilalamika kwamba iliwabidi kuwahonga masenturioni ili wapumzishwe kazi. Kambi nzuri huyasema haya waziwazi na kuwaachia vijana wayajadili jioni. Kambi mbaya huchukua zile amri na ukali ikaziita nidhamu, kisha yale maasi ikayaacha. Ukizungumza na waandaaji, muulize anayecheza nafasi ya senturioni maasi ya Pannonia yalisababishwa na nini. Jibu lake litakutosha.

Kipimo kingine ni mavazi. Waliokaa kwenye ukuta kwa kawaida hawakuwa askari wa lejioni, yaani vikosi vikuu vya raia wa Roma, ambao ndio walioujenga kuanzia mwaka 122, bali walikuwa askari wa vikosi vya wasaidizi, watu wa mataifa yaliyotawaliwa, ambao baada ya utumishi wa miaka 25 walipewa uraia wa Roma. Hao walivaa fulana za pete za chuma na kubeba ngao bapa zenye umbo la yai. Karatasi yenu ikiwa na picha za watu wenye deraya za mabamba na ngao kubwa za mstatili, mtapaswa kuuliza kwa nini, maana huenda wamechukua vazi linalopendeza machoni kuliko vazi la mahali hapo.

Kaka wa Mainz

Ninamuunga mkono Mwalimu, nami niongeze mambo ya vitendo, kwa kuwa ninajitolea katika kikundi cha kuigiza maisha ya jeshi la Kirumi hapa Ujerumani na mara nyingi hukabidhiwa vijana waje kujaribu.

Dada, shaka yako kuhusu mwili wa mtoto ni ya haki. Vegetius, aliyeandika kuhusu mafunzo ya jeshi hilo, anasema kuruta alifundishwa kutembea maili 20 za Kirumi, ambazo ni karibu kilomita 30, kwa saa tano za kiangazi, na kubeba mzigo wa ratili 60, yaani takribani kilo 20. Hao walikuwa wanaume waliokomaa. Mwaka 1985 mwanahistoria Marcus Junkelmann na wenzake walivuka milima ya Alps kutoka Verona hadi Augsburg wakiwa na mavazi na mizigo kamili, na safari hiyo imetufundisha mengi kuhusu viatu, kamba na malengelenge. Lakini wao pia walikuwa watu wazima waliojiandaa kwa muda mrefu. Mtoto wa miaka 13 asibebeshwe mzigo huo hata kidogo. Sisi huwapa blanketi, kibuyu cha maji na chakula chao cha mchana, vikiwa vimefungwa kwenye mti wa kubebea begani. Inatosha kabisa kuwafahamisha kwa nini askari walilalamika.

Viatu ndivyo vinavyoleta ajali, wala si panga, ambazo kwa vijana huwa za mbao. Soli ya kiatu cha askari ilipigiliwa misumari yenye vichwa vya mviringo. Kwenye udongo na majani inashika barabara, lakini kwenye sakafu ya mawe inateleza vibaya. Mwanahistoria wa kale Josephus anasimulia habari za Julianus, senturioni shujaa aliyewakimbiza maadui peke yake katika uwanja wa Hekalu la Yerusalemu, mpaka misumari ya viatu vyake ikateleza kwenye sakafu, akaanguka kwa kishindo na kuuawa hapo hapo. Nikiwasimulia vijana kisa hicho kabla hawajavaa, huwa sihitaji kuwaambia mara mbili wasikimbie kwenye lami. Waulizeni waandaaji kama kutakuwa na viatu vya ukubwa wa watoto, au kama wataruhusiwa kuvaa vya kwao siku ya matembezi.

Kuhusu kusaga: kundi la watu wanane lilihitaji unga wa kilo kadhaa kila siku, na jiwe la juu ni zito kiasi kwamba vijana hupokezana baada ya dakika chache. Siku ya kwanza wanacheka na kupiga picha. Inapofika zamu ya tatu unga bado una chenga, mkate unatoka mgumu kama kigae, nao wanaula wote kwa sababu wameutolea jasho. Kijana mmoja mwenye asili ya Burundi alituambia kwamba sasa ndiyo ameelewa kwa nini bibi yake huimba anaposaga.

Chakula hakina kizuizi kikubwa kwenu. Msingi wake ulikuwa ngano, iwe mkate au uji mzito, pamoja na dengu, jibini, vitunguu saumu na mboga. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa ilikuwamo katika posho, lakini hakuna linaloharibika kihistoria kundi moja likila jibini badala yake. Kinywaji chao cha kila siku kilikuwa maji yaliyochanganywa na siki ya mvinyo; sisi hutumia siki ya tufaha, na aliye na shaka hunywa maji matupu. Andikeni mapema tu, kwa sababu anayepika ni kundi zima kwa chungu kimoja.

Mtazamaji wa Bologna

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na sipingi yote yaliyosemwa, lakini ninaona jambo moja halijaguswa. Kuwalea vijana kwa mfano wa jeshi la Kirumi si wazo geni, wala halina historia safi. Hapa Italia, mwaka 1926, utawala wa dikteta Mussolini uliunda taasisi ya vijana iitwayo Opera Nazionale Balilla. Watoto wadogo kabisa waliitwa Wana wa Mbwamwitu Jike, kwa kumbukumbu ya yule aliyemnyonyesha Romulus, mwanzilishi wa Roma katika hadithi, na wakubwa wao walipangwa katika vikosi vyenye majina ya Kirumi, yaani senturia, kohoti na lejioni, wakapigishwa gwaride wakiwa na bunduki za kitoto na kufundishwa kwamba wao ndio warithi wa Roma. Bila shaka walijifunza kutandika vitanda na kugawana mkate. Miaka tisa baadaye, mwezi Oktoba 1935, jeshi la nchi hiyo liliivamia Ethiopia, na Mei 1936 Mussolini alitangaza kwenye roshani mjini Roma kwamba dola limerejea juu ya vilima vya mji huo. Mnara wa Aksum ulichukuliwa mwaka 1937 ukasimamishwa Roma kama nyara, kwa desturi ile ile ya wafalme wa kale waliobeba minara ya Misri, na haukurudishwa Ethiopia hadi 2005.

Simwambii Mama Idrisa kwamba waandaaji wa kambi yao wana nia hiyo. Vikundi vingi vya Uingereza ni vya watu wapenda akiolojia, na baadhi ni vya tangu zamani, kama Ermine Street Guard kilichoanzishwa 1972. Ninachosema ni kwamba kwata haina akili yake yenyewe. Mafunzo yale yale ya mguu pande na mguu sawa yanaweza kumfanya kijana aulize maswali, na yanaweza kumfanya aache kuuliza. Ningemwomba dada aulize kama katika wiki hiyo vijana watakaa hata siku moja upande wa pili wa ukuta, kama watu walioamka asubuhi wakakuta jiwe limepita katikati ya malisho yao. Katika mbao za Vindolanda alizozitaja Mwalimu, kuna mwandishi anayewaita wenyeji kwa neno la dharau, maana yake "vijitu vya Uingereza". Watoto wetu, ambao babu zao waliitwa majina ya namna hiyo, wanastahili kulisoma neno hilo na kupewa muda wa kulizungumzia.

Kuruta Mstaafu

Nimepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo nitazungumzia lindo peke yake. Mtoto hana haja ya kukeshwa. Kwa kadiri alivyoeleza mwanahistoria wa kale Polybius, Warumi waliugawa usiku katika zamu nne, na askari wa doria alizunguka pamoja na mashahidi akichukua kibao kidogo kutoka kwa kila mlinzi aliyemkuta macho; asubuhi vibao vilihesabiwa, na kikikosekana kimoja kosa lilijulikana ni la lindo lipi. Aliyepatikana na hatia ya kulala alipigwa na wenzake kwa magongo na mawe, na wengi wao hawakutoka hai. Mchezo wa vibao na neno la siri unaweza kufanywa jioni kwa saa mbili, mtu mzima akiwapo, na vijana wakafahamu mfumo mzima. Waandaaji wakisema watawaamsha watoto saa nane za usiku ili "kuwakomaza", mrudisheni wenu nyumbani. Nasi tuliamshwa usiku, na tulichojifunza ni kulala tukiwa tumesimama.

Mama Idrisa (Newcastle)

Nawashukuru sana, Mwalimu na kaka zangu. Mume wangu amesoma majibu yote, na la ndugu wa Bologna amelisoma mara mbili. Nimebakiwa na mambo mawili. Kwanza ni kile kiapo. Pili, jana usiku mwanangu aliniuliza kama mtu mwenye asili ya Afrika angekuwepo kweli katika ngome zile, au kama yeye atakuwa anaigiza mambo ya watu wengine. Sikuwa na jibu.

Mwalimu Shekifu

Dada, nianze na swali la kijana, kwa kuwa majibu yake mko nayo jirani. Hapo South Shields, mlangoni mwa mto wenu, kuna ngome ya Arbeia, na katika makumbusho yake kuna jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor. Maandishi yanasema alikuwa wa taifa la Wamauri, yaani mtu wa Afrika ya Kaskazini, alikufa akiwa na miaka 20, na alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi wa kikosi cha kwanza cha Waasturia, watu wa kaskazini mwa Hispania ya leo, ambaye alimzika kwa heshima. Upande wa magharibi wa ukuta, mahali panapoitwa leo Burgh by Sands, katika karne ya 3 palikuwa na kikosi kizima cha Wamauri. Jina lao limebaki kwenye madhabahu ya mawe. Na mfalme Septimius Severus, aliyekuja mwenyewe na jeshi katika kisiwa hiki akafia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo.

Mwambie pia kwamba mawe hayo hayasemi zaidi ya hapo. Wamauri walitoka katika nchi ambazo sasa ni Moroko na Algeria, na haitupasi kuwanyoosha mpaka wafike Tanga au Kigoma kwa sababu tu tunataka jamaa. Vilevile Victor hakuja kama askari. Alikuwa mali ya mtu kabla hajaachwa huru. Wengi wa watumishi waliofuatana na vikosi vya farasi walikuwa watumwa, na hakuna kambi ya vijana niliyoiona ikiwaonyesha kwa uzito unaostahili. Wala sitaki iwaigize. Ikiwa kiongozi yeyote atampangia mtoto wenu nafasi ya mtumwa ili "kukamilisha picha", hilo halina thamani yoyote ya kielimu na mna haki ya kukataa papo hapo.

Kuhusu kiapo, askari aliapa utii kwa mfalme alipoandikishwa, na kiapo kilirudiwa kila mwaka mpya. Kwa kuwa kilikuwa cha dini na siasa kwa pamoja, walioendesha kambi nilizofuatana nazo walikisoma kwa sauti na kukieleza, bila kumwapisha mtoto yeyote. Vivyo hivyo kwa madhabahu: inatosha kuonyeshwa jiwe na kusoma jina la aliyelisimamisha. Wanafunzi wangu Waislamu, Wakristo na wasio na dini wote waliridhika na utaratibu huo, na mzazi mmoja Mkristo aliyekuja juu mwanzoni ndiye aliyeniomba mwaka uliofuata nimchukue mdogo wa mwanawe.

Mama Idrisa (Newcastle)

Nimewaandikia waandaaji na wamenijibu. Chakula wamekubali, na kundi la mwanangu litapika bila nyama. Kiapo kitasomwa tu. Lindo litakwisha saa nne za usiku, na watu wazima wote wamekaguliwa rekodi za jinai kama sheria ya huku inavyotaka. Picha niliyoikuta kwenye tovuti yao ina ngao za mstatili. Nilipouliza, wamesema walipewa na kikundi cha lejioni kilichovunjwa na hawana fedha za kutengeneza nyingine, na kwamba vijana watatakiwa kutafuta kasoro hiyo wenyewe siku ya kwanza. Jibu hilo limemfanya mume wangu acheke. Swali la upande wa pili wa ukuta hawakulijibu vizuri, walisema tu kwamba "litazingatiwa", kwa hiyo nimewaandikia tena na kuwaomba waniambie ni siku gani na ni nani atakayeliongoza.

Jumamosi tunakwenda Arbeia kuliona jiwe la Victor. Ikiwa kuna mzazi wa upande huu anayefikiria kumpeleka wake, anijulishe hapa, kwa maana tukiuliza wawili watajibu haraka zaidi.